Maswali ya Walimu: Mwanafunzi wa Miaka 14 Hafundishwi Kama Mtoto wa Chekechea

Barua zilizonifikia mwezi huu karibu zote zimetoka kwa walimu wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, wanaowafundisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ama katika vitengo maalumu ama katika madarasa ya kawaida. Sishangai. Tangu Gredi ya 7 ya kwanza ianze hapa Kenya mwezi Januari 2023 katika nyua za shule za msingi, mwanafunzi aliyezoea mwalimu mmoja au wawili wanaomfahamu vyema hujikuta ghafla mbele ya walimu kadhaa, masomo tisa, na vipindi vya dakika 40 vinavyokatwa na kengele. Mambo haya yanamfika wakati mwili wake unabadilika, marafiki wamekuwa muhimu kuliko walimu, na aibu inamuuma kuliko adhabu yoyote. Nimezifupisha barua hizo na kuondoa majina ya watoto na ya shule.

Kijana wa miaka 14 ambaye hasomi

*Mwalimu, nafundisha Gredi ya 7 katika shule ya kutwa huku Bungoma. Nina mvulana wa miaka 14 ambaye hawezi kusoma sentensi moja ya Kiingereza, na Kiswahili anakisoma kwa kubabaisha. Nilimtafutia vitabu vya Gredi ya 2 nikawa nakaa naye wakati wa chakula cha mchana. Siku ya tatu alikirarua kitabu kimoja, na tangu siku hiyo hunikwepa. Katika Hisabati ya mdomo ni hodari. Nifanye nini?*

Mwalimu mwenzangu, kumpa mtoto muda wako wa chakula ni jambo jema na usilijutie. Nadhani tatizo lilikuwa kitabu chenyewe. Vitabu vya Gredi ya 2 vina picha za kuku na vifaranga, na kijana wa miaka 14 anayeonekana dirishani akisoma habari za vifaranga amekwisha kuvuliwa nguo mbele ya wenzake. Katika umri huo mtoto yuko radhi kuitwa mtukutu kuliko kuitwa mjinga, ndiyo maana alikirarua.

Kabla ya kufundisha lolote, hakikisha kwamba anaona na anasikia. Mtazame anaponakili kutoka ubaoni: je, anakunja uso, anainamisha kichwa upande mmoja, au ananakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni? Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Ukiwa na shaka yoyote, mwombe mwalimu mkuu aandike barua ya kumpeleka pamoja na mzazi wake katika kituo cha tathmini cha kaunti. Vituo hivi, ambavyo walimu wengi huviita EARC, vilianzishwa mwaka 1984, lakini bado nakutana na walimu waliofundisha kwa miaka kumi bila kujua kilipo cha kwao.

Baada ya hapo tafuta mahali hasa kusoma kwake kunapokatikia, na utafute kwa Kiswahili hata kama shabaha yenu ni Kiingereza. Lugha yetu ina neema moja kubwa kwa mwalimu wa kusoma: herufi hutamkwa vilevile kila mahali, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kaeni faraghani kwa dakika tano, umpe silabi nyepesi kama *ba, be, bi*, kisha zile zenye konsonanti zilizoungana kama *mbwa, nyo, ng'a, kwe*, kisha maneno mazima, kisha sentensi mbili. Andika unachokisikia. Anayesahau sauti za herufi hahitaji kile anachohitaji yule anayejua silabi zote lakini anazisoma polepole mno hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Na yupo wa tatu, anayesoma kwa ufasaha bila kujua amesoma nini. Usimwandikie kwamba ana disleksia, yaani tatizo la kudumu la kusoma, kwa sababu hilo huamuliwa na wataalamu baada ya vipimo. Andika ulichokiona, kwa maana hicho ndicho kitakachomsaidia mtaalamu.

Kuhusu vifaa, chukua maneno kutoka katika maisha ya kijana wa umri wake: ujumbe wa M-Pesa, orodha ya wachezaji wa timu anayoishabikia, bei za dukani, maelezo yaliyo kwenye mfuko wa mbolea. Njia iliyonisaidia zaidi katika miaka yangu ya darasani ni kumwacha mwanafunzi aseme, mimi niandike maneno yake kama alivyoyasema, kisha ayasome mwenyewe. Nilikuwa na mvulana aliyesaidia kwenye kibanda cha kuziba pancha kila Jumamosi. Siku ya kwanza alinieleza namna ya kutafuta tundu kwenye tyubu kwa kutumia karai la maji, nami nikaandika sentensi tisa. Alizisoma zote, kwa sababu zilikuwa zake na alijua kila moja inaelekea wapi. Mwisho wa muhula alikuwa na daftari lililojaa kazi za fundi, na walioliona walidhani ni daftari la somo la ufundi. Hakuna aliyemcheka.

Dakika 15 kwa siku, siku nne kwa juma, zinafaa kuliko saa nzima siku ya Ijumaa. Usimwite kusoma kwa sauti darasani bila kumwandaa. Mpe aya yake jana yake, au mkubaliane ishara ndogo atakayotumia kukujulisha kwamba leo hayuko tayari. Na kwa kuwa ni hodari wa Hisabati ya mdomo, usiruhusu udhaifu wa kusoma ule masomo yake mengine. Asomewe maswali ya Sayansi na ayajibu kwa mdomo, nawe uweke alama ya Sayansi peke yake. Wenzako wakisema ni upendeleo, waeleze kwamba aliyesomewa swali hajapewa jibu.

Mipango inayolala kabatini

*Katika kitengo chetu hapa Makueni nina wanafunzi 17, na kila mmoja ana mpango wa elimu wa binafsi wenye kurasa nane. Naukamilisha mwanzoni mwa muhula, mwalimu mkuu anatia sahihi, na hatuufungui tena hadi maafisa wanapokuja. Walimu wa masomo hawajawahi kuuona. Je, kazi hii ina faida gani?*

Ukiulaza kabatini haina faida, Bi. Mwalimu, na ninafurahi kwamba umesema wazi jambo ambalo wengi hulificha. Mpango huo, ambao sote tumezoea kuuita IEP, ni chombo cha kazi, na chombo kisichobebeka hakitumiki. Zihifadhi kurasa zako nane kwa ajili ya faili, lakini kwa kazi ya kila siku andika ukurasa mmoja wenye malengo matatu tu kwa muhula.

Lengo lenyewe liandikwe kwa namna ambayo mtu asiyemjua mtoto anaweza kulipima. "Ataimarika katika Hisabati" si lengo, ni dua. Linganisha na hili: "Kufikia juma la kumi, akipewa noti ya shilingi 200 na bidhaa mbili zilizoandikwa bei, atataja chenji sahihi mara nne kati ya tano bila kusaidiwa." Hapo tunajua atafanya nini, kwa vifaa gani, kwa kiwango gani na lini. Kila Ijumaa unatumia dakika tano, unatia alama za vyema na makosa kwenye jedwali dogo nyuma ya ukurasa, na baada ya majuma matatu unajua kama njia yako inafaa au unahitaji kuibadilisha. Mwalimu asiyepima huendelea na njia iliyoshindwa hadi mwisho wa mwaka kwa sababu hakuna kilichomwonya.

Kwa walimu wa masomo, kata kadi yenye ukubwa wa kiganja na uandike mambo matatu: anachoweza, kinachomzuia, na unachoombwa kufanya katika kipindi chako. Kwa mfano: "Anaelewa maelezo ya mdomo vizuri. Mkono wake wa kulia una udhaifu, hivyo hawezi kunakili haraka. Mpe muhtasari ulioandikwa, usimwambie anakili ubao mzima." Mwalimu wa Kilimo hatasoma kurasa nane, lakini kadi hiyo ataisoma akiwa mlangoni, na ukiibandika ndani ya jalada la daftari lake la maandalizi ataiona kila siku.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki uyapite haraka. La kwanza ni mkutano na mzazi. Mara nyingi sisi huzungumza na mzazi husikiliza, kisha anatia sahihi na kuondoka na hofu. Anza wewe kwa kuuliza mtoto hufanya nini nyumbani. Nimewahi kuambiwa shuleni kwamba msichana fulani hawezi kufuata maagizo, kumbe nyumbani alikuwa akichunga mbuzi kumi na wawili na kuwahesabu kila jioni wanapoingia zizini. Tulianzia kwenye mbuzi. Na mwanafunzi mwenyewe akae katika mkutano huo, kwa maana katika umri wa miaka 13 au 14 si haki watu wazima wapange maisha yake kana kwamba hayupo.

La pili ni uamuzi wa njia. Mtaala wetu unawaruhusu baadhi ya wanafunzi kufuata masomo kwa hatua, yaani Msingi, Kati, Kabla ya Ufundi na Ufundi, badala ya kufuata gredi kwa umri. Njia hiyo ni nzuri kwa wanaoihitaji. Lakini nimewaona watoto wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), ambao akili zao hazikuwa na kasoro yoyote, wakiwekwa huko kwa sababu tu hawakuweza kutamka maneno wazi na mate yaliwatoka. Kabla hujakubali uamuzi wa namna hiyo, mpe mtoto njia nyingine ya kujibu, kama vile kuonyesha kwa kidole, kutazama picha iliyo sahihi, au kupepesa jicho kwa ndiyo na hapana, kisha umuulize maswali magumu. Majibu yake yanaweza kubadilisha faili lote.

Sauti kubwa haisaidii

*Msichana kiziwi amehamia Gredi ya 7 katika shule yetu ya kawaida, Kilifi. Ana kifaa cha kusikia. Nampazia sauti kadiri niwezavyo, lakini hufanya nusu ya kazi tu. Sijui lugha ya ishara.*

Acha kupaza sauti. Mdomo unaopiga kelele hupotoka na hausomeki, na kifaa cha kusikia hukuza kila kitu, ukiwemo mkwaruzo wa viti na kelele za uwanjani. Mketishe safu ya mbele au ya pili, pembeni kidogo ili aweze pia kuwaona wenzake wanapozungumza, nawe usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo kwa sababu uso wako utakuwa gizani. Usizungumze huku ukiandika ubaoni. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Mwenzake akiuliza swali kutoka nyuma, lirudie. Usimuulize "umeelewa?", kwa maana kila mtoto wa umri huu atasema ndiyo, mwombe akueleze au akuonyeshe.

Kuhusu lugha ya ishara, mwalimu wako wa kwanza ni yeye mwenyewe. Jifunze ishara tano kila siku, darasa zima mjifunze pamoja, na utaona namna hadhi yake inavyopanda kwa wenzake. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na mtaala unamruhusu mwanafunzi kiziwi kuisoma kama somo badala ya Kiswahili. Fahamu pia kwamba lugha hiyo ina sarufi yake. Si Kiswahili wala Kiingereza kilichowekwa mikononi. Akiandika sentensi zisizo na upatanisho wa ngeli, anafanya kile ambacho kila mtu hufanya anapoandika lugha ya pili. Katika mtihani wa Sayansi, sahihisha Sayansi.

Kengele inapolia

*Katika Gredi ya 8 hapa Nakuru nina mvulana mwenye usonji (autism). Kengele ya kubadilisha vipindi inapolia huziba masikio, hupiga meza, na mara mbili amemsukuma aliyekuwa karibu naye. Huwa namtoa akakae chini ya mti mpaka atulie. Walimu wenzangu wanasema ama achapwe kama wengine ama aondolewe. Nimechoka kumtetea bila kuwa na la kusema.*

La kwanza la kuwaambia ni kwamba hao wengine nao hawapaswi kuchapwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi yeyote kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Kwa mtoto mwenye usonji, kiboko kina ubaya mwingine tena: kinaongeza maumivu na mshtuko juu ya mtu ambaye tayari amezidiwa na anachokisikia.

La pili ni daftari. Chora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika saa na siku, na ufanye hivyo kwa majuma mawili bila kutoa hukumu. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na msichana aliyekuwa akipiga mayowe, na sote tuliamini kwamba anachukia Hisabati kwa kuwa kilikuwa kipindi cha Hisabati. Daftari lilionyesha kwamba alipiga mayowe Jumanne na Alhamisi tu. Hizo ndizo siku kinu cha kusaga unga kilichokuwa nyuma ya ukuta kilipokuwa kikinguruma. Tulihamisha kipindi hicho hadi chumba cha upande wa pili, na mayowe yakaisha. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba tulikuwa tumemlaumu kwa mwaka mzima.

Kwa mvulana wako, kengele inabeba mambo mawili yaliyoshikana: kishindo chenyewe, na mabadiliko ya ghafla kutoka jambo moja hadi lingine. Yatenganishe. Je, hufadhaika vilevile mwalimu anapobadilisha kazi katikati ya kipindi bila kengele? Kama hapana, shida ni sauti, na dawa yake ni kuiweka kengele mbali na darasa hilo, au kumruhusu kutoka dakika mbili kabla haijalia akiwa na kazi ya kweli, kama vile kupeleka rejista ofisini. Kama ndiyo, shida ni mabadiliko. Mwandikie ratiba ya siku aibandike kwenye dawati, kila kipindi kikiisha akikate kwa kalamu, na umjulishe dakika tano kabla. Saa ndogo ya mkononi humfaa zaidi, kwa sababu wavulana wa Gredi ya 8 huvaa saa na haimtofautishi na yeyote.

Sasa litazame tena lile la kumtoa nje. Akimsukuma mtu, anapelekwa kukaa chini ya mti penye utulivu. Bila kukusudia tumemfundisha kwamba kusukuma ndiko kunakofungua mlango. Mpe mlango mwingine. Mwandikie kadi yenye maneno "Naomba kutoka kidogo" na mfanye mazoezi ya kuitumia asubuhi akiwa ametulia, si wakati dhoruba imeanza. Siku za mwanzo kadi hiyo iheshimiwe kila anapoinyanyua, hata kama inakukera, mpaka aiamini. Baadaye ndipo mtaongeza muda wa kusubiri kidogo kidogo. Mahali pa kutulia pasitumike kamwe kama mahali pa adhabu.

Angalia pia maneno yako. Mwanafunzi wa namna hii hulipokea neno kama lilivyo. Niliwahi kumwambia mmoja "ruka swali hilo", akasimama na kuruka, na darasa likacheka hadi akalia. Kosa lilikuwa langu. Sema "liache swali la tatu, fanya la nne." Na akiwa tayari amezidiwa, punguza maneno yote, maelezo marefu wakati huo ni kelele nyingine.

Wanafunzi waliosukumwa nao wana haki ya kuwa salama. Baada ya utulivu kurudi, msaidie arekebishe alichoharibu, amwombe radhi aliyemuumiza kwa njia anayoiweza, hata kwa maandishi. Ukitaka kulieleza darasa kuhusu hali yake, mwombe ruhusa yeye na wazazi wake kwanza. Bila ruhusa hiyo unaweza kusema tu kwamba kelele za ghafla humuumiza baadhi ya watu, na hapo umesema ukweli bila kumfichua.

Anayeandika polepole

*Mwanafunzi wangu mwenye mtindio wa ubongo hamalizi karatasi yoyote ya mtihani. Msaada huombwa lini? Mwalimu, Machakos.*

Maombi ya muda wa ziada au ya mwandishi wa kumsaidia hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa usajili wa mtihani, yakiambatana na ripoti ya tathmini, hivyo ripoti hiyo itafutwe mapema. Lakini usingoje Gredi ya 9. Kusema majibu ili mtu mwingine ayaandike ni ujuzi unaofundishwa: mtoto lazima ajifunze kupanga sentensi nzima kichwani, kutaja alama za uandishi, na kueleza mchoro. Aanze katika majaribio ya Gredi ya 7. Pima pia, kwa dakika kumi, idadi ya maneno anayoandika mwenyewe, kwa sababu idadi hiyo itayapa maombi yenu nguvu. Wakati huohuo rekebisha meza ifikie kimo cha viwiko vyake, bandika karatasi kwa gundi ya utepe isiteleze, na uzungushie kalamu kipande cha tyubu ya baiskeli ili iwe nene.

Msichana anapobaleghe

*Mimi ni mwalimu wa kiume katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, Kwale. Wasichana wangu watatu wamefikisha miaka 12 na 13. Mmoja alipata hedhi darasani mwezi uliopita, akadhani ameumia, akapiga kelele, na wavulana wakaona. Mama yake anataka kumwondoa shuleni. Naona haya hata kukuandikia.*

Bwana Mwalimu, haya yako ni ya heshima, na umefanya vyema kuishinda. Mwendee mama huyo kabla ya juma kuisha, ukiongozana na mwalimu wa kike au mhudumu ambaye mtoto anamwamini. Mweleze kwamba jambo hili linafundishika, na kwamba msichana akibaki nyumbani hedhi itaendelea kuja ila masomo yatakatika.

Mafundisho yatolewe na mwanamke, na kwa hawa wawili wengine yaanze sasa, kabla ya siku yenyewe. Picha pekee hazitoshi. Tumieni sodo halisi na chupi halisi, na maji yaliyotiwa rangi nyekundu ili aizoee rangi hiyo bila hofu. Igawanyeni kazi katika hatua ndogo: kuingia chooni na kufunga mlango, kushusha nguo, kuondoa sodo, kuikunja na kuifunga kwa karatasi, kuitupa kwenye pipa, kuweka mpya, kupandisha nguo, kunawa mikono. Watoto wengi hufaulu haraka mkianzia mwisho: msaidizi anafanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, ambayo mtoto anaikamilisha mwenyewe, akiimudu, anakamilisha mbili za mwisho, na kadhalika mpaka zote ziwe zake. Picha za hatua hizo zibandikwe ndani ya choo, si darasani, na hatua zilezile, kwa maneno yaleyale, zifuatwe nyumbani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yanaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, kwa hiyo mkumbushe mwalimu mkuu kwamba wasichana wa kitengo nao wamo katika hesabu hiyo. Begi la kila mmoja liwe na sketi ya akiba.

Kazi yako wewe ni wavulana. Wafundishe kwamba hedhi si jeraha wala mzaha, na uwafundishe pia kuhusu miili yao wenyewe, kwa sababu nao wanabaleghe na mara nyingi hakuna anayewaambia lolote.

Wote, wasichana kwa wavulana, wajue majina sahihi ya viungo vya siri, wajue nani anaruhusiwa kuwasaidia chooni, na wajue kusema hapana, kuondoka na kumwambia mtu. Tumezoea kumsifu mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa kuwa mtiifu kwa kila mtu mzima, na utiifu huo ndio wadhalimu wanaoutumia. Akikwambia jambo, msikilize kwa utulivu, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimhoji mara nyingi, usimwite anayetuhumiwa ili wapatanishwe, na uripoti siku hiyohiyo. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Baada ya Gredi ya 9

*Wanafunzi wetu wengi wa kitengo huishia nyumbani wakimaliza hapa. Tuanze kuwaandaa lini? Mwalimu, Siaya.*

Anzeni Gredi ya 8, au mapema zaidi kwa wanaofuata hatua. Hakikisheni kila mmoja amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia kwa karo na vifaa. Usajili unahitaji tathmini ya daktari, na wazazi wengi huachia hapo kwa kukosa wa kuwaongoza, hivyo mmoja wenu afuatane nao hadi hospitalini. Kisha mpeni kila mwanafunzi kazi moja ya kweli shuleni yenye saa ya kuanza na ya kumaliza, iwe bustanini, jikoni au kwenye maktaba, ili ajifunze kufika kwa wakati na kupokea maagizo ya mtu asiye mwalimu wake. Tafuteni chuo cha ufundi kilicho karibu na mzungumze na wakufunzi wenyewe juu ya mtoto mmoja mmoja, mkiwa na kadi ileile niliyoieleza juu, inayoanza na anachoweza. Mpelekeni akaone mahali penyewe mara mbili au tatu kabla hajahamia, na mchague siku ya kawaida ya kazi, wakati karakana ina watu na mashine zinanguruma, ili ajue ni kelele gani atakazokutana nazo na ninyi mjue kama ataziweza.